Rweya ya Bibi na Biashara ya Hewa

Jumatatu ya Pasaka mwaka jana nilikuwa nimekaa barazani kwa bibi yangu huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, nangojea gari la kurudi Bukoba mjini. Baba mdogo akanitupia bahasha mapajani. "Wewe si ndiye mwandishi? Hebu tusomee hii." Ndani mlikuwa na karatasi kumi na moja, zote Kiingereza, herufi ndogo kama mchanga. Zililetwa na kijana wa pikipiki aliyesema ni wakala wa kampuni ya hewa ukaa. Alitaka baba mdogo atie sahihi ili kipande chetu cha rweya kipandwe miti, na hewa itakayofyonzwa na miti hiyo iuzwe Ulaya. Mkataba ni wa miaka 30.

Baba mdogo alikuwa anacheka kwa furaha. Kuuza hewa! Katika maisha yake ameuza kahawa, ndizi, samaki, na wakati mmoja redio iliyoharibika. Hewa hajawahi. Mimi nikaanza kutafsiri kwa kubabaisha, hadi nilipofika ukurasa wa tatu penye maelezo ya shamba. Paliandikwa kwamba ni "ardhi tupu yenye uoto duni". Nikatafsiri kama ilivyo. Bibi, ambaye muda wote alikuwa anachambua maharage kimya kimya, akainua uso.

"Tupu? Nani kasema?"

Basi gari likanipita siku hiyo, na tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya miti ya kwetu kuliko nilivyosoma nikiwa shule. Haya ninayoandika ni yale niliyoyakuta.

Ndugu msomaji ambaye hujafika Buhaya, kwanza uelewe mpangilio wa ardhi yetu. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na ndani yake kahawa, maharage, mihogo ya hapa na pale na miti mikubwa ya kivuli. Halafu kuna rweya, ile mbuga ya nyasi iliyo wazi kati ya kijiji na kijiji. Mgeni akisafiri kutoka Bukoba kwenda Muleba huona migomba imesongamana kama msitu, mara ghafla nyasi mpaka upeo wa macho, mara migomba tena. Huyo mgeni husema: hapa kuna rutuba, pale hakuna kitu. Hajui kwamba rutuba ya huku imetoka kule. Udongo wetu wa mwambao umekaa juu ya mwamba wa mchanga, na mvua ya Bukoba, inayopita milimita 2,000 kwa mwaka, huosha mbolea yote. Kibanja kimeendelea kuishi kwa sababu vizazi na vizazi vya wanawake wamekata nyasi rweya na kuzitandaza chini ya migomba, na ng'ombe wamelishwa rweya mchana na kuleta samadi nyumbani jioni.

Huko huko rweya wanawake walilima omusiri, vipande vya muda vya njugu mawe na viazi, wakavuna na kuiacha ardhi ipumzike miaka kadhaa. Na huko huko, mwezi wa Novemba mvua zikichanganya, hushuka senene. Wewe wa Dar es Salaam unayewanunua kwenye kopo kwa bei ya kuumiza, ujue wale ni wadudu wa nyasi. Hakuna nyasi, hakuna senene. Hiyo ndiyo "ardhi tupu".

Lakini hata hii rweya yenyewe haikuwapo tangu Mungu aumbe dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuja Buhaya Mmarekani mmoja, mwanaakiolojia Peter Schmidt, akawasikiliza wazee wakisimulia habari za mtawala Rugomora Mahe. Wazee wakampeleka Katuruka, kule Maruku, si mbali na Bukoba mjini, wakamwonyesha mahali paitwapo Kaiija palipokuwa na mti wa kuheshimiwa, ambapo husemekana wahunzi walifua chuma. Schmidt akachimba mwaka 1970. Akakuta kweli masalia ya kazi ya chuma, na vipimo vya makaa yake vikarudi nyuma takriban miaka 2,500. Wapo wataalamu waliozibishia tarehe zile za mwanzo kabisa, lakini kwamba watu wa mwambao huu waliyeyusha chuma miaka 2,000 iliyopita hakuna anayebisha. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya na kuonyesha jinsi babu zao walivyofanya, na mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika habari hizo katika jarida la *Science*. Dunia ikashangaa kidogo, kisha ikasahau.

Sasa kuna mambo mawili katika kisa hiki yaliyonifanya niache kula. La kwanza ni kuni. Tanuri la chuma halili majani makavu, linakula makaa, na makaa ni msitu. Schmidt alieleza kwamba katika karne za mwanzo baada ya Kristo misitu ya mwambao huu ilikuwa tayari imefyekwa vibaya kwa ajili ya makaa na mashamba, na kwamba baadaye watu walipungua sana kwa karne kadhaa kabla ardhi haijajaa tena. Kwa hiyo hizi nyasi anazozikata bibi, kwa sehemu kubwa, ni mahali msitu ulipokuwa. Wahunzi wetu waliuchoma.

La pili ni hili. Kabla ya kuyeyusha, wale wazee walijaza shimo la tanuri nyasi za kwenye kinamasi, wakaziunguza nusu. Nyasi zile zikawa kitanda cha kaboni, na ile kaboni ikaingia katika chuma kikawa chuma cha pua. Chuma cha pua ni nini? Ni chuma na kaboni kidogo. Hata umri wa makaa ya Katuruka ulijulikana kwa kupima kaboni iliyobaki ndani yake. Baba mdogo anadhani kaboni imeletwa na kijana wa pikipiki. Kumbe sisi tuko kwenye dili hili tangu zamani, ila wakati ule tulikuwa tunaitoa ardhini na kuipeleka angani, na sasa tunaombwa tuirudishe.

Basi nani alirudisha miti ya kwanza? Katika kumbukumbu za karibu jibu ni rahisi: mwenye kibanja. Omutoma ulipandwa kwa ajili ya lubugo, nguo ya gome tuliyoivaa kabla ya marekani na kaniki. Omushambya ulitoa nguzo. Muhumula ulitoa kivuli cha kahawa, na kahawa yenyewe, ile robusta, ilitafunwa kwa heshima na kutumika katika undugu wa damu muda mrefu kabla Mzungu hajaja kuipangia bei.

Huu muhumula una kisa chake. Novemba 1890 Emin Pasha, yule daktari wa Kijerumani aliyewahi kuwa gavana wa Equatoria kule Sudan, alifika ufukoni mwetu akajenga boma, na boma likawa mji wa Bukoba. Miaka mitano baadaye mtaalamu wa mimea Adolf Engler aliuandika muhumula katika vitabu vya sayansi na kuupa jina la Emin: *Maesopsis eminii*. Mti uliokuwepo tangu enzi na enzi ukabatizwa jina la mgeni aliyekaa muda mfupi. Haya, tuyaache. Wajerumani hao hao wakaupeleka Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wakaupanda. Kule haukuwa kwao. Misitu ya Amani ilipokatwa mbao katika miaka ya baadaye, muhumula ukaingia penye mapengo, hondohondo wakala matunda yake na kusambaza mbegu, na leo wanasayansi wa kule wanautaja kama mvamizi anayeisonga miti ya asili. Mti mmoja. Kagera ni mwenyeji, Tanga ni mvamizi. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ile fomu ya baba mdogo ina safu ya kuandika "idadi ya miti" na haina safu ya kuuliza ni miti gani.

Turudi rweya. Zamani rweya ilikuwa mikononi mwa Mukama, mtawala, na watu waliitumia kwa kibali. Kulikuwa pia na nyarubanja, mashamba ambayo watawala waliwagawia watu wao pamoja na wakulima waliomo, mpaka sheria ya mwaka 1965 ilipowapa wakulima hao nafasi ya kujikomboa. Lakini kanuni moja haikufutwa na sheria yoyote: anayepanda kitu cha kudumu amechukua ardhi. Njugu mawe hazikupi haki. Nyasi hazikupi haki. Mgomba, mbuni na mti vinakupa. Ndiyo maana mwanamke alilima rweya maisha yake yote bila kuwa na rweya.

Mkutano wa mwaka 1989 ulioshindwa kuokoa mpango wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa uliangusha bei, na Kamachumu nzima ilijua. Ukimwi ulikuwa tayari umeingia. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini walionekana mkoani Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilivimaliza vibanja nguvu kazi. Mwaka 2006 ukaja mnyauko wa migomba. Kwa maoni yangu ni mambo hayo matatu yaliyomfanya mwanamume wa Kihaya ageuze macho kutazama rweya. Paini na mkaratusi havihitaji palizi ya kila wiki. Unapanda, unaondoka kwenda Mwanza au Dar kutafuta mshiko, ukirudi una mbao na nguzo. Pita leo barabara ya Muleba uone vilima vilivyokuwa vya nyasi. Paini imejipanga mistari kama wanafunzi wa sekondari asubuhi, na chini yake sindano kavu tu.

Wakati huo, mbali na hapa, watu walikuwa wameanza kuhesabu hewa. Mwaka 1988 kampuni moja ya umeme ya Marekani, AES, iliyokuwa inajenga mtambo wa makaa ya mawe Connecticut, ilikubali kugharimia mpango wa wakulima wa Guatemala kupanda miti milioni 52 ili kufidia moshi wake. Hilo ndilo huhesabiwa kuwa dili la kwanza la aina hii. Mwaka 1997 ukaja Mkataba wa Kyoto, na mwaka huo huo wakulima wa Chiapas, Mexico, wakaanza mradi uliozaa utaratibu uitwao Plan Vivo, ambao unadai walau asilimia 60 ya fedha za mauzo ifike kwa wakulima wenyewe. Mwaka 2003 utaratibu huo ukafika Bushenyi, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Wakulima kule hulipwa kwa awamu katika miaka kumi, kila awamu baada ya kuhesabiwa miti iliyo hai. Mmoja wa wanunuzi wakubwa wa hewa yao amekuwa kampuni ya hambaga ya Sweden iitwayo Max. Mswidi anakula nyama Stockholm, mti unaota Bushenyi.

Na Kagera? Hapa lazima niwape wenzangu waandishi sababu ya kujivuna. Mwaka 1983 jarida moja la Sweden, jina lake *Vi*, maana yake "Sisi", liliwaomba wasomaji wake wachange fedha za kupanda miti Pokot Magharibi, Kenya. Jarida, ndugu zangu! Si benki wala wizara. Kutokana na michango ile likazaliwa shirika la Vi Skogen, ambalo baadaye lilivuka mpaka hadi Musoma, Mwanza na huku kwetu. Kule Karagwe na Kyerwa likaanzisha mradi wa Plan Vivo kwa jina ambalo Mhaya na Mnyambo wote wanalielewa: Emiti Nibwo Bulora, miti ndiyo uhai. Wakulima wadogo walipanda grivilea, muhumula na miti ya matunda mipakani mwa mashamba na katikati ya mazao. Mti unaopandwa mpakani haumnyang'anyi mtu nyasi wala njugu. Huo ni uzuri wake. Na si hewa tu iliyopatikana: kuni zilikuwa zimesogea mbali sana katika wilaya zile tangu wakimbizi wa Rwanda walipomiminika mwaka 1994 na vilima vya Ngara na Karagwe vikakatwa kulisha mafiga ya mamia ya maelfu ya watu.

Sitaki msomaji adhani napinga. Nimepiga hesabu mwenyewe kwenye kipande cha karatasi. Mti mkavu, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kila kilo ya kaboni ikiungua hutoa kilo 3.67 za hewa ukaa. Kwa hiyo kiasi cha kilo 550 za mti mkavu ni tani moja ya hewa ukaa, nayo ndiyo hati moja inayouzwa sokoni. Hesabu hii haidanganyi. Kinachodanganya ni watu. Januari 2023 magazeti ya *The Guardian* na *Die Zeit* yaliandika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua walizozichunguza, zilizothibitishwa na shirika la Verra, huenda hazikuwakilisha hewa yoyote iliyookolewa. Verra ilikataa. Serikali yetu nayo ilikuwa imetunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia mambo haya kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ambao wameuza hewa kwa kuulinda msitu wao badala ya kupanda mpya, wamekuwa wakilipwa kwa miaka zaidi ya kumi sasa. Kwa hiyo inawezekana.

Ila sikiliza swali la bibi. Aliniambia nimfuate nyuma ya nyumba. Pale pana mtoma ambao umri wake haujui, alipoolewa aliukuta. Pana mihumula miwili na mishambya kama tisa.

"Hii nayo inavuta hewa?"

"Inavuta, bibi."

"Wananilipa shilingi ngapi?"

Ndugu msomaji, nilitamani ardhi ipasuke. Sheria ya biashara hii ni kwamba unalipwa kwa mti ambao usingekuwepo bila fedha zao. Mti uliokwisha kuutunza bila kulipwa, maana yake ungeutunza tu. Kimantiki ni sawa kabisa, maana mnunuzi akilipia mti uliokuwepo hajapunguza moshi wowote. Lakini jaribu kumweleza hivyo mwanamke wa miaka themanini na kitu aliyekataa kuwauzia wachoma mkaa mtoma wake mwaka ambao hakuwa na hela ya chumvi. Nilimweleza. Akaniangalia kwa muda. "Waitu," akasema, "kwa hiyo ningeukata kwanza."

Halafu akaniuliza la pili, ambalo baba mdogo hakulipenda. Kama rweya yote itapandwa kwa miaka 30, nyasi za kutandaza kibanja zitatoka wapi? Yeye na wajane wawili wa jirani hukata pale, na njugu mawe zao ziko upande wa bondeni. Kibanja kikikosa matandazo migomba inakonda. Migomba ikikonda nayo ni kaboni inayotoka ardhini, ila kwenye fomu haimo, kwa sababu fomu inahesabu rweya peke yake.

Baba mdogo akasema sisi vijana wa mjini na wazee wa zamani ndio tunaorudisha maendeleo nyuma, ada za watoto zinalipwa na nani? Nilinyamaza, kwa sababu ada zangu alilipa yeye, kwa mbao za paini.

Katika kutafuta jibu nilienda hadi Minziro, Missenyi, msitu wa hifadhi wenye kiasi cha hekta 25,000 karibu na mto Kagera, ambao chini yake hujaa maji wakati wa masika. Nilitaka nione msitu wa kwetu ulivyo ukiachwa. Kuna ndege kule wenye asili ya Kongo ambao huwaoni kwingine Tanzania. Mwenyeji wangu alinionyesha muhumula mmoja mnene, na juu yake sauti tupu za ndege, na mimi mtu wa mjini sikujua hata jina la ndege mmoja. Nikakumbuka mistari ya paini kule Kamachumu. Vyote viwili kwenye fomu vinaitwa "msitu".

Tuliporudi kukaa barazani mwezi wa Julai, watu watano wa ukoo pamoja na wale wajane wawili, ambao bibi ndiye aliyesisitiza waitwe, tulikubaliana kuandika masharti. Niliyaandika mimi, kwa Kiswahili. Mkataba uletwe kwa lugha tunayoielewa, na usomwe mbele ya halmashauri ya kijiji. Miti ipandwe upande wa juu wa mlima tu, theluthi moja ya kipande, na nusu yake iwe muhumula, mshambya na mtoma. Bondeni pabaki nyasi na njugu. Majina ya wanaokata nyasi yaandikwe pamoja na jina la baba mdogo, na malipo yagawanywe. Baba mdogo alitia sahihi ya mwisho, kwa shingo upande.

Kijana wa pikipiki alikuja Septemba, akachukua nakala, akasema ataipeleka kwa wakubwa zake na kwamba hajawahi kuona mtu akiweka nyasi kwenye mkataba. Nakala yetu iko ndani ya sanduku la bibi, pamoja na stakabadhi za kahawa za babu. Mvua za vuli zilipoanza, baba mdogo hakungoja jibu. Alileta miche sitini ya muhumula kutoka kwenye kitalu, akaipanda juu mlimani.